Niliyoyaona Shambani kwa Dastan

Mimi naitwa Othmar, lakini hapa Matiri ukimuulizia Othmar watakuuliza Othmar yupi. Ulizia Mchambuzi. Jina hilo nilipewa kijiweni kwa Erasmo, fundi baiskeli, ambako tunakaa wazee kwa vijana tukingoja chochote: mvua ikatike, kahawa ikauke, umeme urudi. Nina kahawa kidogo na mahindi, nina mke wangu Ottilia, na binti mmoja, Glorious, aliyeolewa Mbinga mjini. Ukiniuliza nimefanya jambo gani kubwa maishani nitakujibu kweli: nimeongea. Nimeongea mpira kwa zaidi ya miaka thelathini.

Kijiwe chetu nusu Simba, nusu Yanga, na ikifika msimu wa usajili hakuna anayekumbuka palizi. Nani kasaini, nani kapelekwa kwa mkopo, nani kamwaga wino huku kumbe goti bovu. Jamani, nilikuwa nayajua magoti ya wachezaji nisiowahi kuwaona kuliko ninavyoyajua haya yangu yanayoniuma nikipanda mlima. Na timu ikifungwa sita au saba, mimi ndiye wa kwanza kunusa kitu. Ushahidi wa nini? Nilikuwa nashusha kofia, nashusha na sauti, nasema, "Jiulizeni." Basi. Watu wanajiuliza mpaka jioni, mimi naenda zangu nyumbani nimefurahi.

Sasa nikuambie habari za Dastan, maana bila yeye mimi sina la kusimulia.

Dastan alikuwa kipa wa timu yetu, Nyota ya Matiri. Kijana wa miaka ishirini na mitatu, mrefu, mpole, mikono mipana. Mama yake ni mjane, jirani yetu kabisa, ukuta na ukuta. Alikuwa amemwoa binti wa kijiji jirani cha Mpepai anayeitwa Loveth, na alikuwa anabeba magunia msimu wa kahawa ili mke ale. Mwezi wa kwanza, kwenye mechi moja ya makundi ya Kombe la Mavuno, alidaka penalti mbili, na kumbe pembeni ya uwanja alikuwa amesimama mtu wa timu moja ya Songea, timu ya ligi, siyo hizi zetu za kuchangiana jezi. Akamwambia atarudi kumtazama tena kwenye mechi na Mpepai. Akiridhika, anamchukua, na kazi atapewa, na nyumba ya kupanga atalipiwa.

Wee! Nilifurahi kuliko mama yake. Nikatangaza kwamba kipaji kile nilikiona mimi wa kwanza, kwamba mtoto yule nimemlea mimi, na wala sikuwahi kumnunulia hata soda.

Mechi ikafika, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa pili. Mpepai walikuwa wanahitaji kushinda kwa mabao manane ili wapite mbele ya timu nyingine ya kundi letu. Manane! Tulicheka. Dakika ya kumi wakapata la kwanza, mpira mwepesi, Dastan akaruka ukiwa umeshaingia. La pili hakuruka kabisa. Wilfred, nahodha wao, peke yake alifunga manne. Baada ya la sita Dastan alikaa chini kwenye mstari wa goli, mwamuzi akaenda kumwinua kwa mkono. Tukafungwa tisa bila.

Yule mtu wa Songea hakukasirika sana. Nilikuwa karibu, nilimsikia akimwambia, "Kila kipa ana siku yake mbaya, mimi nilikuona Januari. Ijumaa basi letu linapita Mbinga kwenda kambini. Uje. Lakini matokeo kama haya yana maneno, kwa hiyo njoo na barua ya kamati ya mashindano kwamba huna tuhuma." Dastan aliitikia kwa kichwa tu. Uso wake ulikuwa mweupe kwa vumbi na hakuufuta.

Jumatatu kijiwe kilifurika. Erasmo aliacha gurudumu la mtu linaning'inia. "Walihitaji manane, wamepata tisa," alisema. "Hilo moja la nini?"

"La kuzugia," nikamjibu. "Jiulizeni."

Na hapo ndipo nilipoanza ubaya wangu. Dastan alikuwa ameshawaalika watu wa kijiji siku nyingi kabla, waje Jumatano kumsaidia shamba lake la maharage. Kwetu ndivyo tunavyofanya: mwenye shamba anapika pombe, watu wanakuja na majembe, wanalima, wanakunywa, kesho ni zamu ya mwingine. Mama yake alikuwa ameshaivundika pombe. Mimi nikasimama pale kijiweni nikasema, "Nani atamlimia mtu aliyetuuza? Mimi siendi." Vijana wakapiga makofi. Wote wakasema hawaendi, na kweli hakwenda mtu.

Jumatano asubuhi nilikuwa napanda kwenda kwenye kahawa yangu, na njia inapita juu ya shamba la Dastan. Nikasikia majembe. Nikachungulia. Lo! Wanaume kumi wamo shambani, na wengine wamevaa jezi za Mpepai, zile zile za Jumapili. Wilfred yumo mbele. Na walikuwa hawafyeki. Walikuwa wanafukia.

Ngoja nikueleze, maana wewe huenda si mtu wa milimani. Sisi Wamatengo tunalima ngolo. Mwanamume anafyeka majani na kuyalaza mistari inayokatana, mlima wote unakuwa miraba miraba. Hapo kazi yake imekwisha. Anayekuja na jembe kuchota udongo katikati ya mraba na kuyafukia yale majani, panabaki shimo, ni mwanamke. Ndivyo tulivyowakuta wazee wetu. Siku hizi utamwona mwanamume anafukia, ndiyo, lakini ukimwona ujue kuna mtu anamlipa. Wanaume kumi, wachezaji, wanafukia majani ya mtu mwingine kwa hiari yao? Sijawahi kuona tangu nizaliwe. Na Dastan mwenyewe alikuwa amekaa pembeni ya shamba, mikono mitupu, anawatazama kama bosi.

Niliteremka mlima ule mbio na magoti yangu haya. Kahawa niliiacha.

"Wamelipa!" nilipiga kelele kabla sijafika kwa Erasmo. "Hawakumpa pesa, ndiyo maana hamkuiona! Wamemlipa kwa majembe! Wanaume kumi wanafukia, nimewahesabu!"

Hapakuwa na haja ya kueleza zaidi. Kila aliyekuwepo alikuwa Mmatengo, kila mmoja alielewa. Mtu mmoja akasema, "Basi huyo ni kipa wa jembe," lakini nakiri, nadhani mtu huyo nilikuwa mimi. Simu zikatoka mifukoni. Mpaka mchana neno lilikuwa limefika Mbinga kwenye magrupu ya wasap, na jioni nikaambiwa watu wa ziwani nao wanalicheka. Siku hiyo nilinunuliwa chai vikombe vitatu.

Nyumbani Ottilia aliniwekea ugali mezani, hakukaa.

"Umesema nini huko kijiweni?"

"Nimesema nililoliona."

"Umeona nini?"

Nikamweleza, na nilikuwa bado nina raha, nikamwigiza Wilfred anavyochota udongo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akavuta kiti.

"Loveth yuko hospitali Mbinga tangu Alhamisi," alisema. "Amepasuliwa. Mtoto alitoka amekufa. Dastan kalala kwenye benchi la hospitali siku tatu. Jumapili alfajiri kaja na mtoto amemfunga kwenye kanga, tukamzika sisi wanawake, mimi na mama yake na wengine wawili. Mchana akaenda uwanjani kwa sababu ya yule mtu wa Songea. Wilfred ni kaka yake Loveth, Baba Glorious. Wale wengine ni ndugu zake na rafiki zake. Wamesikia hakuna mtu wa Matiri atakayekwenda, na dada yao hawezi kushika jembe, ndiyo wamekuja kufanya kazi ya dada yao."

Mtoto wa namna hiyo kwetu anazikwa na wanawake, kimya kimya, hapigiwi mbiu, na wanaume hawaambiwi. Ottilia asingeniambia hata mwaka kama nisingefungua mdomo wangu. Nilimkumbuka Dastan pale pembeni ya shamba, mikono mitupu.

"Kesho kamati ya mashindano inakaa juu ya Dastan," Ottilia akasema. "Nenda ukawaambie."

"Nitakwenda. Nitawaambia."

Na nilikuwa na nia. Naapa nilikuwa na nia.

Kamati ilikaa Alhamisi saa nne asubuhi katika darasa la shule. Walikuwa watatu, na mwenyekiti alikuwa Mwalimu Clemence, mtu wa Singida aliyehamishiwa huku mwaka juzi, mtu mzuri, lakini ngolo ameziona barabarani tu. Mimi nilikaa ndani, dawati la nyuma, na kijiwe chote kilikuwa madirishani. Waliokosa dirisha walipanda juu ya baiskeli za watu.

Dastan aliitwa. Hakujua kujieleza, maskini. Alisema mke wake alikuwa hospitali, alisema wale ni shemeji zake, hapo sauti ikakatika. Nje watu wakaguna. Erasmo akacheka kabisa. Mwalimu Clemence akamwuliza kama ana shahidi. Wilfred walikuwa wameshamkataa, ati naye ni mtuhumiwa.

Dastan akageuka, akanitafuta kwa macho, akaniona. Akanyoosha mkono.

"Muulizeni Baba Glorious. Mama Glorious alikuwepo. Baba anajua."

Niliinuka. Wewe unayesoma usidhani nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nayo yote, hospitali, kanga, alfajiri, neno kwa neno. Lakini dirishani palikuwa na uso wa Erasmo, na nyuso za vijana walioninunulia chai jana, na mmoja akasema, "Mchambuzi, wape!" Nikifungua kinywa kusema yale, itabidi niseme pia kwamba mimi ndiye niliyewazuia watu wasiende kumlimia, mimi ndiye niliyekimbia mlimani na uzushi. Miaka thelathini ya jina langu ingeishia pale darasani. Nilikohoa.

"Ya hospitali mimi sikuyaona," nilisema. "Nililoliona ni wanaume kumi wa Mpepai wanafukia majani shambani kwake."

"Na hilo si jambo la kawaida?" aliuliza Mwalimu Clemence.

"Kwa mila zetu, Mwalimu, mwanamume hafukii hivi hivi tu."

Hakuna neno hata moja la uongo hapo. Nimeyarudia maneno hayo shambani, kanisani, njiani, na kila mara nayakuta ni kweli tupu. Dastan hakunikasirikia. Alikuwa bado ananitazama, amefungua mdomo kidogo, anangoja. Mimi nikakaa.

Walimfungia miaka miwili. Barua hakupewa. Ijumaa basi la Songea lilipita Mbinga, sijui hata kama lilisimama.

Ottilia aliyasikia sokoni. Hakunigombeza, na bora angenigombeza. Aliendelea kunipikia, anaweka chakula, anaenda kula jikoni peke yake. Mwezi wa nne Dastan na Loveth waliteremka Lipingo, ziwani, ambako mjomba wake ana mtumbwi na nyavu. Maharage ya shamba lile yalistawi vibaya mno, yaani kwa uzuri, hayakuwa na mwenyewe wa kuyavuna zaidi ya mama yake Dastan peke yake. Mimi niliendelea kwenda kijiweni, lakini watu wakianza habari za mechi iliyouzwa naanza kutafuta kofia yangu. Erasmo aliniuliza kama naumwa.

Nilienda kuungama. Nilimweleza padri kila kitu, nilidhani ataniambia nisali rozari kumi nitoke. Akaniuliza, "Yeye umemwambia?" Nikasema bado. Nikaona aibu, nikatoka.

Ilinichukua mwaka na nusu. Mwezi wa nane mwaka uliofuata nilipanda gari la kwenda ziwani, nikamwambia Ottilia naenda kununua usipa, wale dagaa wa Nyasa anaowapenda. Akanipa kikapu. Nilifika Lipingo jua likiwa limeshapanda, joto la kule linakupokea mlangoni. Niliuliza nikaonyeshwa. Dastan alikuwa anageuza usipa juu ya chanja, amekuwa mweusi, mabega yameongezeka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Loveth alitoka ndani na mtoto mchanga mgongoni, akanisalimu kwa kupiga goti kama inavyotakiwa, akarudi ndani. Hakuuliza habari za nyumbani. Mimi nikaona nisipolitoa sasa nitaondoka nalo.

"Dastan. Siku ile mbele ya kamati nilikuwa najua. Ottilia alikuwa ameshaniambia. Nilijua yote."

Aliendelea kugeuza samaki mpaka akamaliza mstari.

"Najua ulijua, baba. Ndiyo maana nilikutaja. Ulipokohoa, nikajua sasa anaanza. Uliposema ya kwanza, nikasema moyoni, anavuta pumzi kwanza, ya pili ndiyo yenyewe. Mpaka unakaa, bado nilikuwa nangoja."

Nilimwomba msamaha. Nililia, sikatai, mzee mzima juu ya mchanga. Hakusema amenisamehe na hakusema hajanisamehe. Alichukua kikapu changu, akakijaza usipa mpaka juu. Nilipotoa pesa akaufunga mkono wangu.

"Hawa ni wa mama Glorious. Alinizikia mwanangu."

Akanisindikiza hadi magari yanaposimama. Pale pana kibanda cha kuchaji simu, na mbele yake kijiwe, jamani, kama chetu, na wanabishana usajili kama sisi, nani kasaini, nani kaachwa. Tulipokaribia kijana mmoja akapiga kelele, "Kipa wa jembe huyo!" Na Dastan akacheka nao, kicheko cha mtu aliyezoea. Jina lile nililolitunga kwa vikombe vitatu vya chai lilikuwa linamngoja hapa kila siku.

Kijana yule, wenzake walikuwa wanamwita Nazari, akanitazama. "Mzee, wewe unatoka juu? Unatoka Matiri? Hebu tuambie, ni kweli walimlimia shamba ili aachie tisa?"

Mungu wangu, nilipewa mara ya pili. Nikaweka kikapu chini. Nikawaambia yote, sikuacha kitu. Nikawaambia hospitali, nikawaambia mtoto aliyezikwa alfajiri, nikawaambia kwamba wale walikuwa shemeji zake wanafanya kazi ya dada yao. "Na uzushi ule niliutoa mimi! Mimi Othmar! Na kwenye kamati nilijua, nikanyamaza!"

Kwa muda mfupi niliona wameamini, nikahisi kifua kinafunguka. Halafu Nazari akainama akatazama kikapu changu.

"Usipa wazuri hawa. Umenunua kwa nani, mzee?"

"Kanipa Dastan."

"Shilingi ngapi?"

"Kanipa tu."

"Kikapu kizima? Bure?" Aligeuka akawatazama wenzake, na tayari walikuwa wameanza. "Jamani, juu alilipwa kwa majembe, huku analipa kwa usipa!"

Walivunjika mbavu. Nilipiga kelele, niliapa kwa Bikira Maria, nilitaka kumwaga samaki wale chini wauone ukweli, na kadiri nilivyoapa ndivyo walivyocheka. Mmoja akasema mzee huyu anastahili nyongeza ya kikapu kingine kwa jinsi anavyojituma. Mimi nilimtazama Dastan. Safari hii hakuwa anacheka nao.

Aliokota kikapu, akakipandisha garini, akanishika kiwiko.

"Panda, baba. Usiwaambie tena."

Nilipanda. Kabla gari halijawaka walikuwa wameshampa Dastan jina jipya la usipa, na walikuwa wanamwita kwa jina hilo.